Spika Nje ya Ukuta wa Kemunto

Watu wa upande wetu walipoanza kutazama tamthilia za kutoka Mexico, tuliletewa televisheni nyingi ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote.

Nakumbuka mzee mmoja wa Ndanai. Aliingia kibandani kwetu pale Litein amebeba televisheni aliyoifunga kwa blanketi kama mtoto wa kupelekwa kliniki. Akaiweka mezani, akaifunua taratibu, akasema, "Fundi, hii kitu imeachana. Mdomo unatangulia, sauti inakuja nyuma. Mama ameshafunga mdomo na bado anaongea."

Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Nilikuwa kijana mwenye haya. Hata kuomba sukari zaidi hotelini kulinishinda. Ningewezaje kumwambia mzee wa watu kwamba sijui? Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikapangusa vumbi, nikakaza skrubu ambazo zilikuwa zimekaza tayari, nikambadilishia na spika. Tukaiwasha wakati wa habari. Mtangazaji akawa anasema na mdomo wake unakubali. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Juma lile lile akarudi na blanketi lake. "Kijana," akasema, "umetengeneza habari peke yake. Sasa tengeneza na ile ya mapenzi."

Fundi wangu, Mzee Ombati, alicheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi akamweleza mgeni wetu kwamba wale watu kwao wanasema Kihispania, na kwamba watu wengine walikaa mahali fulani wakawawekea Kiingereza mdomoni. Mzee wa Ndanai akawaza kidogo.

"Kwa hivyo huyo mama mwenyewe hatujawahi kusikia sauti yake?"

"Hatujawahi."

"Maskini," akasema, akaanza kuifunga televisheni yake.

Vijana wangu mnaofungua simu pale sokoni siku hizi, mmeniomba mara nyingi niwaambie kazi ilikuwaje zamani, nami nimezoea kucheka na kupita. Kusema mbele ya watu bado kunanishinda. Niliishia darasa la nane na naandika polepole, basi nanyi someni polepole. Nataka kuwaambia juu ya Mzee Ombati, aliyenifunza kazi, na juu ya mdogo wake ambaye walikuwa hawasemezani. Mzee alitaka kwenda kupatana naye. Alisema atakwenda tamthilia ikiisha.

Lakini kwanza mkono. Televisheni za wakati ule zilikuwa na kioo chenye shingo ndefu nyuma kama chupa, na umeme ulikaa ndani yake hata baada ya kuzimwa. Ungeweza kuchomoa waya wa betri, ukaenda ukanywa chai, ukarudi, ukagusa, ukarushwa. Mzee Ombati alinifunza kufanya kazi mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Ukishika kwa mikono miwili, umeme unapita kifuani. Ukishika kwa mmoja, utapiga kelele tu. Suruali zangu zote za miaka ile zilitoboka mfuko wa kushoto, na mama yangu kule Chebunyo alidhani nimejifunza maringo ya mjini. Hata leo nikifungua redio mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Mzee Ombati alikuwa Mkisii. Alikuja huku kwenye majani chai akiwa kijana, akachuma katika shamba la kampuni, kisha akajifunza redio, akanunua kipande cha ardhi karibu na Litein. Nilipomjua mkewe alikuwa ameshafariki. Mwanawe Onsongo alikuwa amejenga hatua chache kutoka kwake. Onsongo alifanya kazi ya zamu kiwandani, kwa hiyo nyumbani mara nyingi alikuwako mkewe, Kemunto, na watoto wao. Mimi nilipewa chumba kando ya jiko la mzee.

Wakisii wana heshima wanayoiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hampi mkono mke wa mwanawe. Na mambo ya mapenzi hayatajwi mahali ambapo yeye na watoto waliooa wanasikilizana. Sisi Wakipsigis tuna heshima zetu kwa wakwe, lakini hii ya kwao niliiona ni kali. Chakula cha mzee kililetwa na mtoto. Kemunto akiwa na neno, alimwambia mtoto kwa sauti, na mzee aliyesimama pale pale naye akamjibu mtoto. Wakati mwingine mtoto alikuwa ameshakimbilia michezo yake na wao wanaendelea kumtuma.

Onsongo alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari. Kwa kuogopa wezi aliipigilia misumari ndani ya kabati. Basi alasiri moja ikaharibika.

Kemunto alisimama mlangoni. "Mwambie sokoro televisheni imebaki mstari mmoja," akamwambia binti yake mdogo. Sokoro kwao ni babu.

"Mwambie mama yako ailete nje," akasema mzee.

"Mwambie sokoro baba yako ameipigilia kama sanduku la maiti."

Mzee akajizuia kucheka. Akachukua kreti tupu ya soda, akaketi nje ya ukuta wa udongo, mahali ambapo kwa ndani palikuwa na kabati. Mimi nikaingia na bisibisi. Tulilisogeza kabati kidogo nikapata njia ya kupitisha kichwa.

"Rono, unaona nini?" Sauti ilikuja kupitia ukutani.

"Mstari mweupe, fundi. Katikati."

"Umelala au umesimama?"

"Umelala."

"Mkono uko wapi?"

"Mfukoni."

"Mluzi unausikia? Ule mwembamba?"

"Nausikia."

"Mimi siusikii tena, hata kibandani. Masikio yangu yameuacha. Haya, basi moyo wake ni mzima. Gonga bodi na mpini wa bisibisi, polepole kama unagonga yai. Anzia kwa transfoma kubwa uje upande wangu."

Nikagonga. Picha ikafunguka kama jicho, ikafumba tena.

"Imeruka, fundi!"

"Usifurahi. Kuna mguu umelegea. Usitafute na testa, tafuta na macho, chini ya bodi. Utaona duara jeusi kama pete kuzunguka mguu mmoja."

Nikaliona. Chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye makaa ya Kemunto, nikayeyusha risasi kidogo juu ya ile pete, na picha ikafunguka ikabaki wazi. Watoto wakapiga kelele. Jirani yetu, Kogo Tapkigen, bibi kizee wa Kipsigis aliyekuja kutazama kila jioni na kiti chake mwenyewe, akatoa kichwa dirishani. "Ombati! Unatengeneza ukiwa nje kama mchawi!"

"Nenda ukae, mama, yule shangazi wa tamthilia anakuja," mzee akamjibu.

Tangu siku hiyo, hata kibandani alinigeuzia mgongo akaniambia, "Niambie unachokiona." Nikikosea kusema, hakugeuka. Ninyi mnakimbilia kubadilisha kioo kabla hamjamaliza kusikia mwenye simu anasema nini. Jaribuni siku moja kusema kwa mdomo mnachokiona kabla ya kugusa. Nusu ya ugonjwa hutoka hapo.

Jioni ile tamthilia ilipoanza, mzee hakuondoka kwenye kreti. Kesho yake pia alikuwapo. Nilipomuuliza alisema anachunga betri. Betri ilikuwa ndani.

Mtaniuliza kwa nini mtu anayetengeneza televisheni za watu wote asiwe na yake. Nilimuuliza pia. "Ya nini?" akasema. "Nitaona watu wakifungua midomo." Kiingereza hakukijua. Kemunto alikuwa amefika sekondari, na kila jioni aliwatafsiria majirani kwa Kiswahili. Alichokifuata mzee kilikuwa ile sauti ya Kemunto. Hakutafsiri kwa kukata neno kwa neno. Alimpa kila mtu sauti yake, mpaka Kogo Tapkigen alisema, "Huyu shangazi nitampata wapi nimchape na mwiko?"

Hadithi yenyewe ilikuwa ya ndugu wawili wenye shamba kubwa la ng'ombe. Mkubwa ni Ramiro, mdogo ni Teodoro. Waligombania kisima, shangazi yao akachochea, wakaacha kusemezana. Katikati yake kulikuwa na wasichana na barua na farasi, lakini kila mtu alingojea siku ndugu hao watakapopatana.

Shida ilikuwa mabusu. Yakija, Kemunto alinyamaza ghafla, akakohoa, akaagiza maji. Nje mzee naye alikohoa, akawasemesha ng'ombe. Lakini zile pumzi za Kiingereza ziliendelea kupita ukutani, na nyumba nzima ikawa haina pa kuweka uso.

Halafu mvua zikaanza. Mabati yalipiga kelele na mzee akawa hasikii kitu. Ndipo nikapata wazo langu. Nilichukua mbao nyepesi za sanduku la kusafirishia majani chai, nikatengeneza kisanduku, nikakitia spika nzuri iliyotoka kwenye redio iliyokufa, nikakitundika chini ya upenu juu ya kreti. Ukitumia tundu la vidude vya masikioni, spika ya ndani inakatika, kwa hiyo nilifungua nyuma nikaunga waya kwenye miguu ya spika yenyewe, nikaupitisha chini ya dirisha, naye Kemunto akasogea pale dirishani ili mzee apate na tafsiri. Mzee alinikaripia kwanza. Nikamwambia ni mahali pa kujaribia spika za wateja. Akaikubali sababu hiyo upesi sana.

Kemunto alimwambia mtoto, "Mwambie Rono aweke na swichi, ikae hapa kwa mkono wangu." Nikamwekea swichi ya taa ya kitanda. Busu likikaribia, tik, nje kimya. Likipita, tik, sauti inarudi, na yeye anaendelea na hadithi kama hakuna kilichotokea. Majirani wakaiita swichi ya heshima. Watu walitoka hata ng'ambo ya mto kuja kuiona, na nilijivunia sana.

Leo sijivunii vile. Nilimtengenezea mzee mahali pazuri pa kungojea.

Kwa sababu ni wakati huo alipoanza kunitajia ndugu yake. Aliitwa Mokua na aliishi nyumbani kwao Kisii, kwenye ardhi ya baba yao. Walipogawiwa, Mokua alipanda miti ya mpaka mahali ambapo mzee aliona si penyewe. Mzee akaing'oa yote asubuhi moja, akaitupa mlangoni mwa mdogo wake, akaapa hatakanyaga tena. Kisha akaja huku. Miaka ikapita hivyo, kila mmoja akisikia habari za mwenzake kwa wapita njia.

"Huyu Ramiro ana kichwa kigumu," aliniambia akiwa ameinamia redio ya mtu. "Mimi ningekuwa yeye ningekwenda."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Haya ikalimeza.

Kemunto hakuwa na haya ya namna hiyo. "Mwambie sokoro," alimwambia mtoto, "Kisii si Mexico. Asubuhi na jioni mtu amerudi."

Mzee alivuta kreti karibu na ukuta. Kisha akasema, na hii nilisikia vizuri kwa sababu nilikuwa karibu naye, "Mwambie mama yako nitakwenda. Lakini acha kwanza tuone hawa. Siku Ramiro atakapofungua mdomo, nataka nisikie anaanza na neno gani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miguu ilikuwa tayari. Hakujua tu, akifika mlangoni, aseme nini kwanza.

Na ninyi mnajua tamthilia. Ramiro alipanda farasi, akafika kwa ndugu yake, akashuka, akainua mkono kubisha mlango. Muziki ukapigwa, majina yakaanza kupanda. Sisi wote hatukulala vizuri. Kesho yake Ramiro akashusha mkono akaenda zake. Juma lililofuata shangazi aliugua. Halafu mpira ukachukua nafasi ya kipindi, halafu hotuba, halafu wakarudia zile za nyuma. Ramiro alifika mlangoni tena na tena, na kila mara mtu akaja kumwita, au farasi akakimbia. Mahindi yalipandwa yakaota yakafika magotini, na Ramiro hajabisha.

Kogo Tapkigen alikasirika. "Huyu mtu hana mkono? Nipeni mimi nibishe!"

Siku moja mpita njia kutoka kwao alisema Mokua anasumbuliwa na mguu, haendi mbali. Mzee alitikisa kichwa. "Ni mguu tu," akasema. "Tutaonana." Nilimwona Kemunto amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alisikia.

Jioni ile tuliketi kama kawaida. Mvua ilikuwa imeacha. Kwenye kioo, ndugu wawili walikutana zizini, na hakukuwa na kupatana. Walirushiana maneno, shingo zimevimba. Teodoro akatungua mjeledi ukutani.

Tik.

Niligeuka. Hakukuwa na busu. Hata msichana hakuwapo. Kemunto alikuwa ameweka kidole kwenye swichi, kisha akainama akapunguza sauti ya ndani mpaka ikaisha kabisa. Kogo Tapkigen akaanza, "Wee, mbona..." Kemunto akamwinulia kiganja. Akasimama, uso ameuelekeza ukutani, na akasema kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

"Ramiro ameingia! Amevua kofia. Teodoro anamtazama tu. Ramiro anakaribia... sasa anafungua mdomo..."

Naamini hakuwa amepanga neno lenyewe. Teodoro kwenye kioo alikuwa akipiga mjeledi mpaka majani makavu yanaruka.

"Anasema, 'Mdogo wangu, umekula?'"

Kogo Tapkigen akainuka kitini.

"Teodoro analia. Anasema hajala. Ramiro amemshika. Wamesameheana! Basi! Wamesameheana!"

"Lakini mama," binti yake mdogo akaanza, "mbona anam..." Kogo Tapkigen akamziba mdomo na kiazi kitamu.

Nje nikasikia kreti ikilia, kama inavyolia mtu anaposimama.

Asubuhi mzee alinikuta nikiosha uso. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Rono. Mbona alizima swichi? Ndugu wawili kusameheana kuna aibu gani?"

Nikatazama beseni. "Sijui, fundi."

"Ulikuwa ndani."

"Nilikuwa."

"Alisema, 'umekula'?"

"Hivyo ndivyo Kemunto alivyosema, fundi."

Pembe ya mdomo wa mzee ikacheka kidogo. "Haya," akasema. Akachukua mfuko wenye sukari na majani chai, akapita mbele ya nyumba ya mwanawe. Kemunto alikuwa akifagia. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Lakini niliona fagio limesimama, likabaki limesimama mpaka mzee alipopotea nyuma ya majani chai.

Alikaa huko siku kadhaa. Aliporudi alikuja kibandani moja kwa moja, akaketi, akavuta redio iliyokuwa karibu, akaanza kuifungua ingawa ilikuwa nzima.

"Mokua alianguka shambani," akasema. "Alikuwa akipalilia. Si mguu tena. Ni upande mzima, na mdomo."

Nikaweka bisibisi chini.

"Ananijua. Nilipoingia macho yalikuja. Mdomo hauji. Nikamwuliza, 'Umekula?' Akanitazama. Mkewe alikuwa ameshika bakuli la uji, nikamnyang'anya kijiko." Alitoa skrubu moja akaiweka juu ya meza. "Miezi yote hii nimekaa nje nikisikia sauti bila picha. Nimefika huko nimepata picha bila sauti."

Baadaye, akiwa anazirudisha skrubu zile, aliendelea. "Mke wa Onsongo hajui kudanganya. Nilisikia akipunguza sauti ya ndani. Nilijua ananituma. Nilifurahi kutumwa vile." Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo tangu siku ile. "Ningekwenda wakati Ramiro alipofika mlangoni mara ya kwanza, ningemkuta Mokua amesimama. Angenitukana. Angenitukana sana, Rono, ana mdomo mchafu huyo. Ningependa anitukane."

Jioni hiyo aliniambia niondoe kisanduku chini ya upenu. Kemunto alinitazama nikivuta waya kutoka chini ya dirisha. Kwa mara ya kwanza hakutafuta mtoto wa kumtuma. Alisema kwa sauti ya chini, kwangu mimi, "Nilifikiria kuizima tangu wakati wa kupanda. Kila siku nikasema, labda kesho watapatana wenyewe."

Nami nilikuwa na lile jibu langu mdomoni tangu wakati huo huo wa kupanda. Sote tulingojea sehemu ya kesho.

Tamthilia iliendelea mpaka mahindi yakavunwa. Siku ya mwisho nyumba ya Onsongo ilijaa hadi dirishani. Nje kreti ilikuwa tupu. Mzee alikuwa Kisii, kama alivyokuwa akienda mara kwa mara, kumlisha ndugu yake. Na kweli, Ramiro alibisha. Akaingia, akavua kofia kama Kemunto alivyokuwa amesema, akatoa hotuba ndefu ya Kiingereza, na wakakumbatiana. Watu walilia. Kemunto hakutafsiri hata neno moja. Mkono wake ulikuwa kwenye swichi ambayo haikuwa na waya tena.

"Amesema nini?" Kogo Tapkigen akamsukuma. "Kemunto! Ramiro amesema nini?"

"Amemwuliza kama amekula," akasema Kemunto, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Mokua aliishi muda baada ya hapo, na hakusema tena. Mzee Ombati alimzika, na alipozeeka alirudi kwao, akapanda upya miti ya mpaka mahali pale pale alipotaka mdogo wake. Kibanda aliniachia mimi. Kile kisanduku ninacho ghalani.

Mjukuu wangu Chebet hutazama tamthilia za Uturuki na Ufilipino kwenye simu, vidude vimo masikioni. Ana rafiki Brazil ambaye hawajaonana, wanaandikiana juu ya nani ataolewa na nani. Sioni ubaya. Mzee Ombati aliwahi kuniuliza kama watu wa Mexico wanajua kwamba huku Litein kuna watu wanalia kwa ajili yao. Siku hizi labda wanajua. Kinachonishangaza ni kwamba Chebet akiitwa na mama yake, anagusa kioo mara moja, na wale watu wanasimama midomo wazi wakimngoja. Akirudi, wanaendelea pale pale. Nami nikimwambia ampigie shangazi yake waliyekosana naye, ananiita babu kwa lugha yetu, "Kugo, ngoja kidogo, imebaki sehemu moja."

Kwa hiyo nawaachia ninyi mafundi kitu kimoja ambacho hakihitaji bisibisi. Kama kuna mtu mmekosana naye na hamjui muanze na neno gani, chukueni lile la Kemunto. Halina kasoro, lilichelewa tu kufika. Hamna haja ya farasi wala mlango wa kubisha. Simu mnayotazamia tamthilia ndiyo hiyo hiyo inayopiga. Mpigieni leo, mumwulize kama amekula.